Pugi: wale njiwa wadogo wanaotembea njiani hadi karibu uwakanyage. Tuwajadili kwa undani

#1 Nyika Tulivu (mleta mada)

Heshima kwenu wakuu.

Kuna mahali mtu aliuliza namna ya kufuga "vinjiwa vya porini". Majibu yakamiminika, na kila aliyejibu alikuwa anamzungumzia ndege mwingine. Mmoja akasema ana mkia mrefu, mwingine akasema kifua cheupe, wa tatu akasema ana vidoa vya kijani, kisha wakaanza kuitana waongo. Wote walikuwa sahihi. Ni ndege tofauti, wa ukoo mmoja.

Hoja yangu kwenye uzi huu ni hii: pugi si njiwa wa kawaida aliyedumaa. Ni njiwa aliyehamishia maisha yake ardhini, na karibu kila jambo lake, iwe rangi, mruko, kiota au namna anavyolisha watoto, utalielewa ukikumbuka kwamba anaishi kwa mbegu zilizokwisha kudondoka.

Nianze na anayejulikana na wengi, pugi madoa-kijani. Kitaalamu anaitwa Turtur chalcospilos. Ameenea kuanzia Ethiopia na Somalia, akashuka Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, na upande wa magharibi anafika Angola na Namibia. Popote penye migunga na vichaka vikavu yupo: Tsavo, Mkomazi, Handeni, Dodoma, Ruaha. Ana urefu wa sentimita 20 hivi, uzito gramu 60 na kitu. Njiwa wa mjini anazidi gramu 300, kwa hiyo hapo pata picha.

Unatembea kwenye njia ya vumbi, yuko mbele yako anatembea naye, kichwa kinakwenda mbele na nyuma, anadonoa. Umeshamkaribia hatua chache ndipo anafyatuka kwa kishindo cha mabawa. Hapo ndipo unaona kitu ambacho hukukiona alipokuwa chini: mabawa yana wekundu wa kahawia mkali, na juu ya mkia kuna mistari miwili myeusi. Hafiki mbali. Anatua, anapandisha mkia, anaushusha taratibu, kisha anaendelea na kazi yake.

Watu husema ni mjinga, anasubiri hadi ukaribie kumkanyaga. Sikubaliani nao. Mgongo wake una rangi ya vumbi na majani makavu, na anachotegemea ni kutoonekana. Akiruka mapema amejianika kwa kipanga bure. Akichelewa, adui ndiye anayeshtuka, na ule wekundu unaotokea ghafla na kupotea akitua unamfanya anayemfuata atafute ndege mwekundu ambaye hayupo tena.

Nakunywa chai, narudi.

#2 Kigoda cha Mbele

Nimeshakaa. Ila mkuu usitufanyie kama wale wa "itaendelea" halafu uzi unaota majani.

#3 Binti Korogwe

Mleta mada, huyo madoa-kijani ndiye yule anayelia saa saba mchana, jua limewaka, ndege wote wamenyamaza? Anaanza polepole kama anasita, halafu anaharakisha, sauti inashuka mpaka inaisha yenyewe. Tulikuwa tunamwiga kwa kufumba viganja na kupuliza katikati ya vidole gumba. Na kweli alikuwa anajibu.

#4 Nyika Tulivu

Ndiye huyo dada, umemweleza vizuri kuliko vitabu. Milio ya mwanzo ina nafasi katikati, kisha inasogeleana na kushuka. Wimbo mmoja unaweza kuzidi sekunde kumi. Kule kusini mwa Afrika watu wameutungia maneno ya msiba: mama kafa, baba kafa, ndugu wote wamekwisha, na ile milio ya mwisho inayofuatana ni moyo wa yatima unavyodunda. Yeye mwenyewe hana msiba wowote. Ni dume anatangaza kuwa eneo hili lina mwenyewe, na jike kama yupo asikie.

Sauti yake ni nzito na ya chini, ndiyo maana inapenya vichaka lakini huwezi kujua inatoka wapi. Utazunguka mti mzima kumbe yuko mti wa pili.

#5 Chifu wa Kagera

Huku kwetu vidoa ni vya buluu, si kijani. Naishi naye migombani kila siku. Tafadhali rekebisha bandiko.

#6 Nyika Tulivu

Chifu, bandiko liko sawa na wewe uko sawa. Huyo wako huenda ni pugi madoa-buluu, Turtur afer. Anapenda nchi yenye mvua: Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, magharibi ya Kenya, na huko kwenu. Anakaa pembezoni mwa misitu, mashambani, migombani kama ulivyosema. Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Uswidi, alimpa jina la kisayansi mwaka 1766. Yule wa kijani alisubiri hadi 1827, alipoandikwa na Wagler, mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani.

Lakini usiamini rangi ya vidoa peke yake. Mng'ao ule hautokani na rangi iliyomo ndani ya nyoya. Ni muundo wa nyoya unavyorudisha mwanga, kwa hiyo jua likibadili upande, kijani kinaweza kuonekana buluu, na kivulini vidoa vyote vinaonekana vyeusi. Angalia mdomo. Wa buluu ana mdomo mwekundu wenye ncha ya njano. Wa kijani mdomo wake ni wa giza, wekundu uko kwenye shina tu. Ukimwona tena tuambie mdomo.

Yuko na wa tatu anayewachanganya watu, pugi domo-jeusi, Turtur abyssinicus: vidoa vya buluu, mdomo mweusi. Huyo ni wa nchi kavu za Saheli, Senegal mpaka Ethiopia na Eritrea, na anagusa kaskazini ya Uganda. Ndani ya misitu minene ya Kongo na Afrika Magharibi kuna Turtur brehmeri, mwili wa kahawia nyekundu na kichwa cha kijivu-buluu. Wenzetu wa Kisangani mkiwa humu, huyo ni wenu, tunaomba simulizi.

#7 Mdigo Halisi

Mimi niko Kwale. Shimba Hills kuna mmoja mweupe usoni na kifuani, meupe pe, mgongo wa kahawia. Anatembea chini ya miti mikubwa gizani, ukimwona unadhani karatasi imedondoka. Huyo ni pugi pia ama ni kitu kingine?

#8 Nyika Tulivu

Ni pugi kaka. Pugi kidari-cheupe, Turtur tympanistria. Dume ndiye mweupe hivyo. Jike weupe wake umeingia ukijivujivu. Huyu ndiye wa misitu: Amani kule Usambara, Arabuko-Sokoke, Kakamega, na amevuka bahari, yupo Pemba, Unguja na visiwa vya Komoro. Wimbo wake unaharakisha vilevile, ila haufi taratibu kama wa madoa-kijani. Unafika mwisho unakatika.

Swali ambalo watu huuliza: mbona ndege wa ardhini awe mweupe wakati nimesema wanajificha? Weupe uko chini na mbele. Kwa juu, anakowindwa, ni kahawia kama majani yaliyooza. Na msituni mwanga unadondoka vipande vipande kati ya majani, kwa hiyo kipande cheupe kinachosogea si cha ajabu sana. Wewe mwenyewe umesema ulidhani karatasi.

Jambo linalonifurahisha zaidi kwa huyu ni chakula chake. Anakula mbegu za mbarika, hizi hizi zinazotoa mafuta ya nyonyo. Mbegu ile mbichi ina risini, sumu kali sana kwa binadamu na mifugo. Yeye anaifuata. Ukiwa na mbarika nyuma ya nyumba karibu na msitu, kaa kimya asubuhi utamwona chini yake.

#9 Shamba Letu

Nashukuru kwa somo, lakini hapo kwenye mbegu ningependa tuwape sifa zao: hawa ndio wanaosambaza miti. Wanakula hapa, wanaenda kunya kule, mti unaota. Tuwalinde kwa sababu hiyo.

#10 Nyika Tulivu

Mkuu, sifa hiyo wape hondohondo na shore. Wale wanakula tunda, nyama ya tunda inayeyuka, kokwa linatoka zima. Pugi hatafuti tunda, anatafuta mbegu yenyewe, na firigisi yake ni kinu. Ndiyo maana asubuhi unamkuta kwenye barabara ya changarawe anadonoa mahali ambapo huoni chakula: anaokota vijiwe. Vijiwe vinakaa kwenye firigisi, misuli inabana, mbegu inasagwa unga. Ikifika hapo hakuna kitakachoota.

Kwa hiyo kwa mti, pugi ni mlaji wa watoto. Kwa mkulima ni habari njema, maana sehemu kubwa ya anachookota ni mbegu za nyasi na magugu. Huongeza mchwa na kumbikumbi wakitokea, na konokono wadogo, lakini hivyo ni vitafunio.

#11 Shamba Letu

Haya nimekubali la kinu. Ila mtama wangu wanakula na hilo huwezi kulikana.

#12 Nyika Tulivu

Wanaokota uliodondoka, na ukimwaga mbegu bila kuifukia watakushukuru. Lakini anayening'inia kwenye suke na kulimaliza ni kwelea kwelea, anayekuja kwa maelfu. Pugi miguu yake ni ya kutembea. Tena hana desturi ya makundi, utamwona mmoja au wawili, labda kwenye maji ndipo wanakusanyika wengi kidogo. Ukiweka sumu kwa ajili ya kwelea, anayekufa kwanza ni huyu asiye na kesi, kwa sababu ndiye anayeokota chini.

#13 Kigoda cha Mbele

Umetaja maji. Nimekumbuka kitu. Kuku akinywa anainua kichwa, karibu ndege wote wanafanya hivyo. Njiwa mbona haniinulii kichwa?

#14 Nyika Tulivu

Umeona vizuri. Jamii ya njiwa wanazamisha mdomo na kufyonza moja kwa moja. Mla mbegu kavu hapati maji ndani ya chakula, lazima aende kwenye maji kila siku, na kwenye maji ndiko kipanga na kanu wanakosubiri. Akiweza kushiba maji kwa kuinama mara moja na kuondoka, amepunguza muda wa hatari. Kaa kwenye kisima cha ng'ombe huko Mkomazi wakati wa kiangazi uwatazame: wanatua mbali, wanatembea hadi ukingoni, wanainama, wamekwenda.

#15 Mzee Manati

Enzi zetu tulikuwa tunawatega kwa tenga. Unalisimamisha kwa kijiti, kamba ndefu, punje za mtama chini. Nakumbuka kumshika mmoja, akaponyoka akaniachia mkia mzima mkononi. Mkia mzima! Nilidhani nimemuua, kumbe yuko juu ya mti ananitazama hana mkia.

#16 Nyika Tulivu

Mzee, hiyo ni silaha yake. Manyoya ya njiwa, hasa ya mkia na kiunoni, yameshikiliwa kwa ulegevu kuliko ya ndege wengi. Akikamatwa kwa hofu yanachomoka kwa wingi, adui anabaki na manyoya mdomoni. Yanaota tena. Ukikuta lundo la manyoya laini ya kijivu kichakani usihitimishe kwamba ameliwa.

#17 Binti Korogwe

Na kiota je? Niliwahi kuona kimoja kwenye kichaka, kiunoni hivi, vijiti vichache tu vimepangwa ovyo. Ukisimama chini unaona mayai kwa katikati. Uvivu gani huu?

#18 Nyika Tulivu

Hahaha. Kila mtu husema uvivu. Hebu fikiria upande wa pili. Kiota kikubwa cha kutengenezwa wiki nzima kinaonekana, na safari nyingi za kubeba vijiti zinamwonyesha nguchiro njia. Pugi anajenga haraka kitu kidogo kisichofanana na kiota, dume analeta vijiti, jike anapanga. Kikiharibiwa, hasara ni ndogo, anahamia kichaka kingine anaanza upya. Viota vingi kweli vinaharibiwa. Mkakati wake ni kurudia, si kujenga ngome.

Mayai ni mawili. Njiwa wengi mayai yao ni meupe kabisa, ya pugi yana rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo, hayaonekani kirahisi chini ya kichaka. Wanaatamia kwa zamu, na kwa kawaida ya njiwa, dume anashika mchana na jike usiku. Takriban wiki mbili makinda yanaanguliwa, na wiki mbili nyingine, wakati mwingine chini ya hapo, yameruka.

Sasa hapa ndipo penye uhondo. Ndege wengi walao mbegu, makinda yao hawayalishi mbegu. Lazima wakamate wadudu, kwa kuwa mtoto anahitaji protini. Kwa hiyo wanasubiri mvua, wadudu wawe wengi. Njiwa wamelikwepa tatizo hilo: wanatengeneza maziwa.

#19 Kigoda cha Mbele

Mkuu hapo umetuchanganyia na popo. Ndege ananyonyesha?

#20 Nyika Tulivu

Hanyonyeshi kwa chuchu. Kuna gole, ule mfuko wa kooni anamohifadhi mbegu kabla hazijashuka kwenye firigisi. Mayai yakikaribia kuanguliwa, ukuta wa gole unanenepa, na seli zake zinamomonyoka kuwa kitu kama jibini laini, chenye protini na mafuta mengi. Kinda linaingiza mdomo ndani ya mdomo wa mzazi na kula. Baba na mama wote wanatoa. Na homoni inayowasha kazi hiyo ni prolaktini, ile ile inayohusika na maziwa kwa mama zetu.

Siku za mwanzo ni maziwa hayo matupu, kisha mbegu zilizolainika zinachanganywa kidogo kidogo. Faida yake: pugi hahitaji msimu wa wadudu. Mbegu zikiwepo na maji yakiwepo, anaweza kuzaa karibu mwezi wowote. Ndiyo sababu utakuta mayai hata kipindi ambacho ndege wengine wameshafunga kazi. Na ndiyo sababu mayai ni mawili tu. Maziwa ya kutengeneza mwilini hayawezi kulisha makinda sita.

#21 Maskati Kwetu

Salaam kutoka Oman. Huku Batina kwenye mashamba ya majani ya mifugo kuna kijinjiwa kidogo sana, mkia mrefu mwembamba, dume uso mweusi kama amevaa barakoa. Marehemu babu aliyezaliwa Unguja alikuwa akimwita pugi vilevile. Nilidhani ni kwa mazoea tu ya lugha ya kule. Kumbe anaweza kuwa ndiye?

#22 Nyika Tulivu

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Ni wa ukoo huo, pugi mkia-mrefu, Oena capensis. Yuko peke yake kwenye jenasi yake (kundi la spishi za karibu) lakini ni jamaa wa karibu wa hawa wa Turtur, hata wekundu wa mabawa wanashirikiana. Uzito wake ni gramu 40 hivi, mkia ndio unaomfanya aonekane mrefu. Jina "capensis" ni la Rasi ya Tumaini Jema, ila makao yake ni nchi kavu za Afrika kusini ya Sahara karibu zote, Madagaska, na Bara Arabu. Tena anasonga. Ameendelea kuenea kaskazini hadi Israeli na Yordani, na ameonekana Uturuki.

Anafuata kilimo. Jangwa likimwagiliwa linatoa magugu, magugu yanatoa mbegu ndogondogo, na yeye ndiye mtaalamu wa mbegu ambazo njiwa mkubwa haoni faida kuziokota. Kiota chake anakiweka chini sana, wakati mwingine karibu kugusa ardhi, tena pasipo na kivuli cha maana. Kwa joto la kwenu, kazi ya anayeatamia si kupasha mayai bali kuyakinga yasiive.

#23 Shamba Letu

Wako hatarini kutoweka au ndiyo wamejaa?

#24 Nyika Tulivu

Wote niliowataja hawako kwenye hatari kwa sasa. Madoa-kijani wanaishi hata mashambani mradi vichaka vibaki. Kidari-cheupe ndiye ningemwangalia kwa karibu, maana msitu ukiisha hana pa kwenda.

Lakini tusijisahau, ndege wa aina hii anaweza kupotea bila mtu kugundua. Amerika ya tropiki ina njiwa wake wa ardhini, jenasi ya Columbina. Si ndugu wa karibu wa pugi, ila ukiwaweka pamoja utashangaa: wadogo vilevile, wanatembea vilevile, mabawa yenye wekundu. Mmoja wao, wa Brazil, Columbina cyanopis, ana macho ya buluu na vidoa vya buluu bawani. Tangu 1941 hakuonekana kwa uhakika tena, wengi wakamhesabu amekwisha. Mwaka 2015 mtaalamu wa ndege Rafael Bessa akiwa Botumirim, jimbo la Minas Gerais, akasikia mlio asioufahamu, akaurekodi, akaucheza, ndege akatokea. Mwaka 2018 eneo likawekwa chini ya hifadhi. Wanaojulikana ni wachache mno, na wanakaa kwenye aina moja tu ya nyika. Wa kwetu wameokolewa na kutochagua sana.

#25 Mzee Manati

Haya turudi kwa yule aliyeuliza kufuga. Inawezekana au haiwezekani? Mjukuu ananisumbua.

#26 Nyika Tulivu

Mzee, kumkamata porini bila kibali ni kosa kisheria, Tanzania na Kenya pia. Lakini hata pasingekuwa na sheria ningekushauri uache. Ni ndege wa kufyatuka. Ndani ya tundu akishtuka anaruka wima na kugonga kichwa juu. Pia njiwa wanaweza kubeba virusi vya mdondo, na kama una kuku unaelewa maana yake.

Mjukuu mwambie afanye hivi: sufuria pana, maji ya kina cha kidole, liwekwe chini mahali peupe ambapo paka hana pa kujificha karibu. Pembeni acha kipande cha ardhi bila kufagia. Hapo pawe na nyasi zilizozaa mbegu. Watakuja wenyewe, na asubuhi ndio muda mzuri wa kuwatazama.

#27 Chifu wa Kagera

Nimerudi. Nimemvizia asubuhi hii nyuma ya jiko. Mdomo mwekundu, ncha ya njano. Na wako wawili, mmoja amebeba kijiti.

#28 Nyika Tulivu

Basi ni madoa-buluu, hakuna ubishi. Na mwenye kijiti ni dume. Usimfuate mpaka kwenye kiota leo, wakiwa bado wanajenga ni rahisi wakihame. Subiri jike alale kwenye mayai, kisha tupia picha ya mbali.

#29 Kigoda cha Mbele

Chifu tunasubiri picha. Sitoki kwenye kigoda.